Mshipa Hauhami

Nimechoka kuulizwa swali moja. Kila anayesikia kwamba nilifanya kazi ya viungo hospitalini, awe jirani au mgeni wa harusini, hunigeuzia mgongo hapo hapo na kuuliza kama kukandwa kunaponya kweli au ni kujifurahisha tu. Zamani nilikuwa na jibu fupi, na nililitoa kwa sauti kubwa. Siku hizi naviangalia vidole gumba vyangu, ambavyo haviwezi tena hata kufungua kizibo cha chupa ya dawa, nasema inategemea. Watu hawalipendi jibu hilo. Wanadhani nimezeeka, na kweli nimezeeka, lakini niliacha kujibu kwa sauti kubwa kabla sijapata hata unywele mmoja mweupe. Niliacha kwa sababu ya mama, na kwa sababu ya mgongo wa baba.

Mama alikuwa mkandaji, na katika mitaa yetu ya Tabora mjini mkandaji hakuwa mtu wa kudharauliwa. Alikanda wazazi waliojifungua mpaka arobaini yao itimie. Alikanda watoto walioamka na shingo zimekakamaa, na wanawake walioteleza kisimani na ndoo kichwani. Wanaume hakuwagusa, isipokuwa mmoja tu, mumewe. Wote aliwaambia neno lile lile, kwamba mshipa umehama. Aliutafuta kwa ncha za vidole, akiupata anatulia, halafu anausogeza taratibu kwa mafuta ya nyonyo aliyoyapasha moto, mpaka anasema umerudi. Mtu anainuka, anajinyoosha, anasema kweli, umerudi.

Baba alikuwa wa gengi ya reli, miaka zaidi ya ishirini ya kuinua mataruma na kushindilia kokoto. Baba yake alikuwa mpagazi, na babu yake vilevile. Walibeba pembe kwenda pwani na kurudi na marobota ya vitambaa, kwa miguu, hivyo hadithi za ukoo wetu zilikuwa hadithi za mabega. Nyumbani sugu ya begani kwa babu ilitajwa kama wengine wanavyotaja mashamba ya urithi. Kwa hiyo baba alipoanza kuumwa mgongo hakusema anaumwa. Alisema amelala vibaya. Akaendelea kulala vibaya kwa miaka kumi.

Kila siku baada ya swala ya alasiri mama alitandika mkeka chumbani na kurudisha mlango, na sisi watoto tulijua hapo hakuna kuita. Nilichosikia ni sauti ya mama akisimulia habari za mtaa, nani kaoa, nani kanuniana na nani, na mara moja moja baba akiguna. Baada ya muda alitoka akitembea wima, akauliza chai iko wapi. Nilikua nikidhani ndoa zote zina saa hiyo.

Bendera ilipobadilishwa nilikuwa msichana wa shule. Baadaye nikachaguliwa kwenda pwani kusomea kazi ya viungo, yaani kuwasaidia wagonjwa kwa mazoezi na kwa mikono. Taifa lilikuwa changa, nasi tuliopewa vitabu tulijiona tumetumwa kufagia nyumba ya watu wazima. Nilijifunza majina ya mifupa yote na misuli yote. Nilijifunza kwamba hakuna mshipa unaohama mgongoni ukasubiri kurudishwa kama mbuzi aliyekata kamba. Kitabu chetu kilisema mikono husukuma damu, husafisha uchafu wa misuli na kuvunja mafundo. Nilikikariri kile kitabu kama juzuu.

Niliporudi nilipangiwa kazi hospitalini Tabora. Baba alikuwa amekwisha kustaafu, na mwito wa vijiji vya ujamaa ulipokuja, yeye na mama walihamia kijiji kimoja upande wa Kigwa ambako ndugu zake walikuwa tangu zamani. Mama hakupenda kuuacha mji, lakini baada ya miezi michache wanawake wa kule walikuwa wakimfuata wenyewe, na akanyamaza. Baba alilima shamba la pamoja, mahindi na tumbaku, akirudi jioni kiuno kimepinda kama mundu. Mkeka ulitandikwa kama kawaida. Siku iliyofuata alikuwa shambani tena.

Jumamosi moja niliitwa na uongozi wa kijiji niwape wanawake elimu ya afya. Nilipanda treni asubuhi nikiwa nimevaa gauni langu jeupe la kazi, ingawa haikuwa lazima. Darasa lilijaa. Mama alikuwa benchi la mbele, khanga mpya, akitazama huku na huku kuhakikisha kila mtu anajua huyu ni mwanawe. Nilichora uti wa mgongo ubaoni, nikaonyesha pingili, nikaeleza namna ya kuinua mzigo bila kujiumiza. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwanamke mmoja, bila ubaya wowote, aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona hujatuchorea huo mshipa unaohama? Ule anaoturudishia mama yako?"

Ningeweza kucheka. Ningeweza kusema hayo tutayazungumza siku nyingine. Lakini nilikuwa na chaki mkononi na miaka ishirini na mitatu kichwani.

"Mshipa hauhami," nikasema. "Haujawahi kuhama kwa mtu yeyote. Anayewaambia anaurudisha anawadanganya."

Wanawake walitazama chini, wengine wakajifanya kuwafunga watoto mgongoni. Mama aliendelea kuutazama ubao, uso wake haukubadilika, na nilipomaliza alipiga makofi pamoja na wengine. Tukarudi nyumbani, akanipakulia ugali na mlenda, akaniuliza treni ya kesho ni saa ngapi. Mjinga mimi nikadhani yameisha.

Alasiri ile baba aliingia chumbani kama kawaida yake. Alisubiri. Mama alikuwa uani akipepeta karanga. Baba akamwita, naye akajibu bila kuinua kichwa, "Mtaalamu yupo leo. Muite mwanao."

"Mke wangu, utani gani huu?"

"Si utani. Mimi sitaki kumdanganya mtu."

Basi nikaingia mimi. Sijui niseme nini juu ya ile nusu saa. Kwetu binti mkubwa haoni mgongo wa baba yake, achilia mbali kuushika. Nilijua hivyo tangu nina akili, lakini nilikuwa nimewashika wanaume mia hospitalini, nikaona hizo ni mila za kuzoeleka tu. Baba alilala kifudifudi na shati lake mwilini, vifungo vyote vimefungwa. Nilipoweka viganja kiunoni pake alikakamaa mwili mzima kama ubao wa mlango. Nilifanya kila kitu kama kilivyoandikwa, kuanzia juu kushuka chini, pole pole, kwa uzito unaotakiwa. Nilisikia misuli yake ikinikimbia chini ya vidole. Alikuwa akishusha pumzi kwa hesabu, kama mtu anayesubiri daktari amalize kumchoma sindano.

"Basi mwanangu," akasema mwisho. "Inatosha. Mungu akubariki. Nimepona kabisa."

Kesho yake hakuweza kuinuka. Alisema amelala vibaya.

Hii si hadithi ya siku moja. Wiki ziligeuka miezi. Mama hakukasirika, na hilo ndilo lililonichosha zaidi, maana mtu aliyekasirika unaweza kumwomba radhi akapoa. Alipika, alifua, alimshika baba mkono kumpeleka chooni, alimpasha maji ya kuoga. Kumkanda hakumkanda. Wanawake walipokuja kukandwa, aliwaambia waende zahanati. Nilimletea khanga kutoka mjini, nikapiga magoti, nikamwambia nimekosa. Akazipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie, akazikunja na kuzitia sandukuni. Baba aliumia mpaka akaacha kwenda shamba. Balozi wa nyumba kumi akaja mara ya kwanza kumjulia hali, mara ya pili kuuliza atarudi lini. Siku aliyokuja mara ya tatu, baba alisikia watoto wakipita nje wakitaja kupe, neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu wakati ule kwa anayekula jasho la wenzake. Pengine hawakumsema yeye. Lakini aligeuka akatazama ukuta, mjukuu wa wapagazi, na siku hiyo hakula.

Nilimpeleka hospitali nikampigisha picha. Tulioneshwa pingili mbili zilizolika. Nikamweleza baba, kwa uaminifu wote wa kisomo changu, kwamba mifupa yake imelika. Tazama nilivyokuwa. Mtu anaogopa kuinuka, nami namkabidhi sababu iliyopigwa picha. Tangu hapo aliinuka kwa kujihesabia, kama aliyebeba mayai, na kadiri alivyojilinda ndivyo misuli ilivyozidi kujikaza na maumivu kuongezeka. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba wazee wengi wa umri wake wana picha kama ile, na wako shambani wanalima.

Aliyemwinua hakuwa mimi. Alikuwa Mzaramo mmoja, mtu wa reli aliyefanya kazi na baba zamani. Wazaramo ni watani zetu, utani ulioanzia huko huko barabarani, enzi za misafara, na mtani haombi ruhusa. Alishuka treni Kigwa, akaja moja kwa moja mpaka kitandani, akavuta shuka.

"Nyie! Njooni muone Mnyamwezi kalala mchana! Babu zako walitubebea mizigo mpaka pwani hawakulalamika, wewe umeshindwa kubeba matako yako mwenyewe?"

"Ondoka, mla papa we," baba akasema, sauti dhaifu. "Mgongo umelika."

"Umelika? Umeliwa na nani? Mkeo? Lala tumboni nikuone."

Akamvua shati bila adabu. Mimi nikageuza uso, nikasimama nje ya mlango. Mikono yake ilikuwa ya kushika jembe na nyundo, na alichomfanyia baba hakipo katika kitabu chochote. Alimponda kama anayekanda unga wa maandazi, pasipo mpangilio, huku akimtukana ukoo mzima, waliokufa na walio hai. Kwanza baba alilia kwa uchungu. Halafu nikasikia kitu ambacho nilikuwa sijakisikia nyumba ile kwa miezi mitano. Baba alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akakohoa, akarudisha matusi, tusi kwa tusi, makubwa kuliko aliyopewa. Nilipochungulia, shati lilikuwa limetupwa sakafuni, na nikaona nyama za mgongo wake zikitikisika, laini, kama za mtu aliyelala usingizi. Jioni ile alitembea mpaka stesheni kumsindikiza mtani wake.

Nilirudi Tabora nimekasirika. Nilikasirika kweli kweli, kwa sababu hapakuwa na maelezo. Mikono iliyofunzwa ilishindwa, mikono ya nyundo ikaweza, na pingili zilikuwa zimelika vile vile.

Maelezo yalikuja pole pole, kwa miaka, yakiletwa na vitabu vipya, na kila kimoja kiliniondolea kitu nilichokuwa najivunia. Kumbe ile habari ya kusafisha uchafu wa misuli haikuwa na mashiko. Kumbe mafundo hayavunjwi, na mkono wa mtu hauna nguvu ya kupanga upya nyama ngumu za mgongo. Mimi niliyewacheka wenye mshipa wao nilikuwa na mshipa wangu mwenyewe, tofauti ni kwamba wangu ulichapishwa. Yanayotokea ni mengine. Ngozi imejaa neva, na ziko zinazopokea mpapaso wa taratibu, ule wa mkono wenye joto usio na haraka. Habari zake zinapofika kwenye uti wa mgongo zinakutana na habari za maumivu, na zinaweza kuzipunguza makali kabla hazijapanda juu. Ubongo nao haupokei tu. Huamua. Hujiuliza kama hapa pana hatari, na ukiona hapana, huteremsha amri ya kutuliza, moyo unapunguza mbio, misuli iliyokuwa mlinzi inaweka rungu chini. Ukiona pana hatari, au aibu, au fedheha, unakaza zaidi. Hakuna kilichohama wala kilichorudi. Lakini mtu aliyekuwa hawezi kuinama anainama, na si uongo, na si maajabu, ila nafuu hiyo kwa kawaida haidumu sana, ndiyo maana mama alitandika mkeka kila siku.

Hivyo mgongo wa baba haukuwa unadai ufundi. Ulikuwa unadai mtu ambaye mbele yake hauna haja ya kujilinda. Mtani alikuwa mmoja, lakini alikuwa mtu wa kuja na kuondoka, na baada ya kustaafu alirudi kwao pwani. Mwingine alikuwa uani akipepeta karanga.

Nilikwenda kumwambia. Nilisafiri na furaha ya mtu anayerudisha kitu alichoiba. Nikakaa naye jikoni, nikamweleza yote, neva na uti wa mgongo na ubongo, nikamwambia, "Mama, ulikuwa unafanya jambo la kweli. Jina tu ndilo lilikuwa tofauti."

Alinisikiliza mpaka mwisho, akichochea moto.

"Kwa hiyo mshipa unahama?"

"Hapana, mama. Lakini..."

"Basi." Akafunika sufuria. "Nilikuwa nikiusikia, mwanangu. Chini ya vidole hivi nilikuwa nikiusikia ukirudi. Tangu uliposema vile mbele za watu, nikimgusa baba yako sisikii kitu. Nasikia nyama tu. Sasa nimkande nini?"

Nilikuwa nimejifunza namna mwili wa anayekandwa unavyoamini, sikuwa nimewaza kamwe juu ya mwili wa anayekanda. Nilikunywa chai yangu, nikaondoka.

Baba aliishi miaka mingine. Alilima kidogo, alilala vibaya, alikaa kibarazani akisikiliza treni na kusema imechelewa. Wakati mwingine, alasiri, nilimwona akimtazama mama akipita na ndoo, halafu akajikanda mwenyewe kiuno kwa ngumi. Hakumwomba. Mimi niliendelea na migongo ya watu hospitalini, kumi kwa siku, na sikuwahi tena kumwambia mgonjwa kilichohama au kisichohama. Nilimuuliza tu kama mkono wangu una baridi.

Baba alifariki miaka ya foleni, wakati hata kipande cha sabuni kilikuwa cha kutafutwa, na sanda tuliipata kwa kuhangaika. Alimaliza swala ya alfajiri, akajiegemeza, ikawa basi. Nilikuwapo, nilikuwa likizo. Saa tatu asubuhi maji yalikuwa tayari, yametiwa majani ya mkunazi, na waoshaji wamefika. Mama akasema atamwosha mwenyewe. Wanaume wakatazamana. Shehe akasema inafaa, mke ana haki hiyo, akamwachia mwoshaji mmoja mzee wa kumsaidia kumgeuza na kumpokeza maji.

Tulikaa uani tukingoja. Walichukua muda mrefu kuliko kawaida. Tulisikia maji, halafu tukakaa kitambo hatusikii maji, halafu tukayasikia tena. Mmoja wa wazee akakohoa kwa adabu, kuwakumbusha kwamba jua linapanda. Shehe akamtikisia kichwa amwache. Mwoshaji alitoka kwanza, akafuta uso, hakumtazama mtu. Kisha mama akatoka, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, akanijia mimi moja kwa moja kupita wanawake wote.

"Wewe uliyesoma," akasema kwa sauti ndogo. "Watu husema maiti hukakamaa. Mbona mgongo wake umenilegea mikononi?"

Nilijua jibu. Nililijua neno kwa neno. Kukakamaa huanzia taya na shingo, hushuka saa kwa saa, mgongo haukuwa bado umefikiwa, baada ya adhuhuri ungekuwa mgumu kama wa maiti yeyote. Mama alikuwa amesimama mbele yangu akisubiri, na wanawake wa kijiji, wengine wao wale wale wa darasani, walikuwa wametugeukia.

"Amekujua, mama," nikasema.

Alinitazama sana. Kisha akasema, "Haya," akaingia ndani kuanza eda yake.